Skrini Isiyoumiza Macho

Jumatatu, 2 Juni 2025

Imefika! Skrini ya karatasi ya kielektroniki, imetumika kidogo tu, kutoka Mbeya. Haitoi mwanga wake yenyewe. Inasomeka kama gazeti. Daktari wa macho alisema kuchapa kutwa nzima ndiko kunakonitoa machozi, akashauri nipumzike. Nipumzike! Tukuyu hii, na washindani walivyojaa? Nimebandika tangazo mlangoni: HEZRON STESHENERI, SKRINI ISIYOUMIZA MACHO.

Kasoro moja ndogo. Bila mwanga wa nje haionekani, na ukungu haujaruhusu jua tangu wiki iliyopita. Nimesogeza meza hadi kizingitini. Herufi zinachelewa kutokea, na ukurasa uliofutwa unabaki kama kivuli nyuma ya mpya. Fred, kinyozi wa fremu ya jirani, chumba cha duka kinachopakana na changu, alichungulia akanipa pole, akauliza kompyuta imekufa lini.

Kuhusu kufa: Mzee Ambindwile, mwenye hizi fremu, alifariki jana. Mtu mwema, Mungu amrehemu. Alinipa neno lake kwamba sitatolewa hapa. Neno tu, hatukuandikishana. Fred anataka kubomoa ukuta apanue saluni. Mjane, Bibi Tulinagwe, atatoa uamuzi Jumamosi matanga yakianuliwa. Nikiikosa fremu hii narudi Ikuti kuchuma chai ya kaka yangu, na kaka yangu ni mtu wa kucheka wenzake.

Jumanne, 3 Juni

Familia imenipa kazi ya kuchapa ratiba ya mazishi na wasifu wa marehemu: tarehe ya kuzaliwa, shule, majina ya ndugu kwa kufuatana. Fred hajui kuchapa. Moja bila!

Niliweka picha ya marehemu katikati: kofia ya pama, koti, macho yameelekea kamera. Ndipo umeme ukakatika. Taa kimya, printa kimya. Mzee akabaki. Alinitazama kutoka kwenye skrini isiyo na umeme, ukungu ukiingia mlangoni taratibu. Mama mmoja aliyekuja kutoa kopi ya cheti aliangalia mara moja tu, akatoka kinyumenyume. Cheti amekiacha. Mimi sikuogopa. Chai ilimwagika kwa sababu nyingine.

Baadaye nikasoma kijitabu cha maelekezo. Skrini hizi hushika picha ya mwisho hata bila umeme. Hushika wiki, hushika miezi. Nikacheka peke yangu. Kisha wazo likanijia.

Jumatano, 4 Juni

Mazishi, kijijini Masukulu. Fred alishika sepetu tangu asubuhi, akachimba kaburi, akalia kuliko watoto wa marehemu. Mnafiki! Nami nilipopokea sepetu nilitoka malengelenge kabla ya dakika tano. Amoni, mdogo wake marehemu, aliichukua akisema mikono yangu ni ya karatasi.

Sawa. Nilisubiri watu wale ndizi na nyama, nikamwendea Bibi, nikamnong'oneza kwamba Mzee hajaondoka kwenye fremu yangu. Umeme umezimika na bado yupo. Sikusema uongo hata neno moja! Alisema, "Ndaga, mwanangu," yaani asante, basi.

Alhamisi, 5 Juni

Wamekuja. Bibi, Amoni, na akina mama wawili wa ukoo. Nilikuwa nimechomoa waya mapema, nikauacha juu ya meza uonekane. Bibi aliushika kwa vidole viwili kama mkia wa panya, akaurudisha. Akavuta kiti. "Ugonile, Mzee," akaisalimia skrini. Akampa habari zote: nani alikuja kuzika, nani hakuja, ng'ombe amezaa, upepo umeangusha migomba mitatu. Baada ya kila habari alinyamaza kidogo, kama mtu anayemwacha mwenzake amalize kusema. Mara moja alicheka. Nilisikiliza kwa nguvu zangu zote. Nilisikia matone juu ya bati tu.

Mwishowe alisema amesikia, na kwamba haifai Mzee aachwe peke yake kabla ya kuanua matanga. Wakatandika majani ya mgomba sakafuni, wakakaa. Ushindi! Fred alipita dirishani mara nne, uso umemshuka.

Tatizo ni moja. Nikichapa hata herufi, namfuta Mzee. Kwa hiyo sichapi.

Ijumaa, 6 Juni

Siku ya pili bila kazi. Walimu wawili walileta mitihani ya kuchapwa, wakawakuta akina mama wanaimba pambio, wakageuza.

Mchana wafiwa walitoka kwenda kwenye ibada fupi. Nikachomeka waya haraka, nikaisafisha skrini ili nichape kidogo kisha nimrudishe Mzee. Ikapepesa nyeusi, nyeupe, nyeusi. Kivuli cha Mzee kikabaki. Nikasafisha tena. Mara tano! Kijitabu kinasema kivuli hufifia. Hiki hakikufifia. Tena nikaona jambo jingine. Kwenye picha Mzee amevaa kofia. Kwenye kivuli, kichwa kilikuwa wazi.

Wazee wa huku huvua kofia wakiingia kwenye nyumba wanayotaka kukaa. Lakini bila shaka sehemu ya juu ndiyo iliyofutika kwanza. Ni mambo ya kitaalamu. Bibi aliporudi alimtazama, akasema, "Naona ameanza kuzoea." Saa zilizobaki nilikaa barazani, kwa ajili ya hewa.

Jumamosi, 7 Juni

Nimekwisha! Ukoo mzima ulisimama mbele ya fremu, na Bibi akatoa uamuzi. Mzee amesema yuko vizuri hapa. Hapangishi mtu. Fremu ifungwe. Mimi nitoe meza na printa kabla ya Jumatatu, ila skrini ibaki, kwa sababu mpangaji hamtoi nje mwenye nyumba. Ufunguo apewe Fred, aliyemchimbia kaburi.

Nilitoa kijitabu nikasoma ukurasa wa kumi na mbili kwa sauti, mambo ya wino na chembe zake. Amoni aliuliza swali moja tu: je, Mzee yupo, au nilimdanganya mjane msibani? Wote wakanigeukia. Nikasema yupo. Bibi akanishukuru mbele ya watu, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Niliona aibu, aibu ya kweli, hata chakula sikula.

Jumapili, 8 Juni

Usingizi umenirudishia akili. Baada ya ibada nilimfuata Bibi nje ya kanisa. Nikamweleza kwamba Mzee atahitaji karani: wa kufuta vumbi, kupokea wageni, na nafasi ikipatikana, kutoa kopi mbili tatu. Nikaongeza kuwa Mzee mwenyewe ndiye aliyenidokezea. Kauongo kadogo tu.

Nilitegemea abishe. Hakubisha. Alisema ni kweli, Mzee alimwambia tangu Alhamisi kwamba anataka mwenzake humo ndani, na jina langu alilitaja. Yeye Bibi alikuwa anasubiri nijitolee mwenyewe, maana kijana wa watu halazimishwi.

Nimeshinda! Fred amerudisha ufunguo. Hata hakunitazama usoni. Wivu huo!

Kazi yangu ya kwanza ni kesho asubuhi: nilete picha yangu, kubwa, niiweke kwenye skrini kando ya Mzee. Bibi ameniuliza pia tarehe ya kuzaliwa, shule niliyosoma, na majina ya ndugu zangu kwa kufuatana. Nadhani ni kwa ajili ya mkataba. Nimechagua ile picha niliyovaa tai. Nimetoka vizuri sana.