Dubu wa Maporomoko ya Juu

Alhamisi, 24 Oktoba
Mizuho kasema tena. Jumapili anarudi Nagoya, kapata kazi, na safari hii hata mwaka mpya haji. Mwanangu wa pekee! Nilikuwa naosha mchele, nikauosha mpaka ukabaki maji. Nyumba hii ya wageni ataiendesha nani?

Bi Tokie wa ng'ambo ya mto, naye mwenye nyumba ya wageni, mwanawe kabaki nyumbani, basi anamtembeza mjini kama kombe la mashindano. Kaniuliza kama wangu ananikimbia. Thubutu, nikamwambia. Kisha nikaenda jikoni kulia.

Jioni akili imekuja. Mtoto gani atamwacha mama yake na dubu?

Ijumaa, 25 Oktoba
Nimepiga simu ofisi ya mji. Nimemwona dubu njia ya maporomoko ya juu! Wakauliza, mweusi? Sasa dubu wa huku awe wa rangi gani? Sauti ilitetemeka vizuri sana.

Vipaza sauti vya mji sikuvifikiria. Chai haijapoa, mji mzima unatangaziwa: dubu, njia imefungwa. Na majani ndiyo kwanza yamekuwa mekundu, nayo ndiyo wageni wanayokuja kuyatazama! Wageni wangu wote wameghairi. Wa Bi Tokie pia. Kavuka daraja na kengele ya kufukuzia dubu kiunoni, unamsikia kabla hujamwona. Anauliza nimemwona dubu kwa macho gani, mimi ninayetafuta miwani nikiwa nimeivaa.

Jumamosi, 26 Oktoba
Wawindaji wamefika, wazee watupu, na vizibao vyao vya rangi ya machungwa. Huku aliyeona dubu ndiye anayewalisha. Nimefinyanga matonge ya wali mpaka viganja vinawaka. Mzee Gonda, mkubwa wao, ananisifu kwa ujasiri. Naona haya, namwongezea tonge.

Mizuho naye: "Mama, si nilikuwa nakaa mpaka kesho nikusaidie wageni? Wageni wenyewe hakuna. Acha niondoke leo."

Na dubu je? nikamuuliza.

"Dubu gani atathubutu kuja, mama? Bunduki zote za mji ziko sebuleni kwako zinakula!"

Nimemfungia matonge ya njiani. Basi limeondoka. Nimepunga mkono mpaka lilipokata kona, nikaendelea kupunga.

Jumapili, 27 Oktoba
Mzee Gonda karudi mbio kutoka maporomokoni. Kaona kinyesi kibichi, na mti umekwanguliwa kwa kucha. Haiwezekani! nikapiga kelele. Akanitazama. "Dada, si wewe uliyemwona?"

Dubu wa kweli! Njia inafungwa mpaka theluji. Nguo ziko kwenye kamba tangu asubuhi; mimi nje sitoki, ziozee hukohuko.

Jumanne, 29 Oktoba
Bi Tokie kaja na figili zake za kuchachua, kaomba radhi kwa kunishuku. Kalia kidogo. Nikalia naye. Hajui tunalilia vitu tofauti.

Nyumba kimya. Nimeandaa chakula cha wawili, nikala cha wawili. Nimejuta sana, na kosa langu nimeliona. Dubu ni mnyama wa serikali: anatangazwa, anawindwa, na wawindaji wake wanataka kulishwa. Nyani hana makuu.

Na leo yupo mmoja uani, anakula matunda yangu. Mdogo, mpole, ananitazama kama mgeni aliyelipa. Nimempigia Mizuho. Nimemwambia ni kundi zima, wameshaingia jikoni.