Mashine Yangu Itakuwa Namba Moja

Jumapili, 8 Juni

Chakula cha mchana kwa baba mkwe. Nyumba nzima tulikuwepo: mzee mwenyewe anayeishi chini, mwanyumba wangu, aliyemwoa mdogo wa mke wangu, na mkewe wa ghorofa ya kati, na sisi wa juu kabisa, jirani na tangi la maji. Sijamaliza hata kunawa mikono, mwanyumba ameshaanza. Eti kompyuta yake kuukuu inayotumia mfumo uitwao Unix, lile dude la rangi ya maziwa alilolipata kwenye mnada wa chuo, sasa linaongea na kompyuta yake ndogo. Kwa waya. Hii inaita, ile inaitika. Alivyosimulia ungedhani amepata mapacha.

Huyu ni daktari wa meno. Si angebaki na meno ya watu?

Baba mkwe akampigia makofi. Akamwita "mwanangu". Mimi ndiye niliyemwoa binti mkubwa. Mimi ndiye niliyetangulia kuingia katika familia hii. Na mpaka leo mzee ananiita Bwana Udereva, kwa kuwa nafundisha watu kuendesha gari. Mwanangu sijawahi kuitwa, hata kwa kuteleza ulimi.

Kisha mzee akatoa neno. Stoo kuna mashine yake ya kazini, ya enzi alipokuwa mhandisi wa madaraja. Nayo ni Unix. Michoro yake yote imo humo. Skrini yake ilikufa zamani, lakini mashine yenyewe ukiiwasha bado inanguruma. Anataka kuyaona madaraja yake tena kabla diski haijakata roho. Atakayeifikia kwa waya na kumtolea michoro, mashine ni yake.

Macho yote kwa Daktari. Nikasema nami nimo. Mke wangu akakohoa. Shemeji, mke wa Daktari, akaniongezea chakula kwa upole, kama anayemhudumia mfiwa.

Mashine siitaki. Nataka kuitwa mwanangu. Wivu ninao, sikatai, lakini ni wivu wenye haki zake.

Jumatatu, 9 Juni

Nimenunua yangu. Muuza vifaa chakavu wa nyuma ya soko alikuwa nazo tatu. Nikamwuliza ipi ni kubwa kuliko ya Daktari. Hamjui Daktari. Ikabidi nimwonyeshe kwa mikono. Akanipa moja ambayo wapagazi wawili waliipandisha ngazi huku wakinilaani waziwazi.

Mke wangu akauliza itakaa wapi. Nikasema juu ya meza ya kupigia pasi. Akauliza inafanya nini ambacho simu yangu haifanyi. Nikamwambia ni kitu cha kihistoria. Akasema hata sofa letu ni la kihistoria na hakuna anayeliwasha.

Mashine ya Unix lazima uipe jina. Ya Daktari inaitwa Jino. Hana ubunifu kabisa. Yangu nimeiita Bosi.

Tatizo moja. Waya wa siku hizi una kichwa kidogo cha plastiki. Bosi ana mdomo mpana wenye vijishimo vingi. Haviendani. Nimejaribu kwa nguvu, nikajaribu kwa mafuta ya kupikia. Shemeji akapitia kuchukua chumvi, akasema Daktari ana kijisanduku cha kuunganishia, saizi ya kiberiti, niombe tu. Heri nife.

Jumanne, 10 Juni

Nimemtuma mke wangu akiombe kwa dada yake, aseme ni cha antena. Hata nusu saa haijapita, nani yuko mlangoni? Daktari mwenyewe, na kijisanduku, na waya mpya alioupima kutoka kwenye ngazi hadi mezani kwangu, na chupa ya chai. Hakuuliza antena iko wapi. Huo ndio ubaya wake. Angenicheka ningejua la kufanya.

Akakaa kunielekeza. Kila mashine inataka anwani yake, namba nne zenye nukta katikati. Za nyumba yetu zinafanana zote, isipokuwa namba ya mwisho. Ya mzee ina saba, imeandikwa kwenye kikaratasi mgongoni mwa mashine. Jino ni mbili. Bosi, akasema, atakuwa nne.

Yeye mbili, mimi nne. Mimi niliyeoa dada mkubwa.

Nikauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, je, moja? Akasema moja isiguswe, ina mwenyewe. Akaanza kueleza, lakini sikuwa nasikiliza tena. Najua mwenyewe ni nani. Keshajiwekea akiba kwa mashine yake ijayo. Nikamshukuru, nikamsindikiza hadi mlangoni. Chai yake ilikuwa nzuri, hilo nalo likanikera.

Jumatano, 11 Juni

Kazini akili haikuwepo. Mwanafunzi wangu, mama mmoja mwoga anayeshika usukani kama anataka kuunyonga, aliuliza kwenye njia panda nani ana haki ya kupita kwanza. Nikamjibu aliyetangulia kuoa. Akazima gari katikati ya barabara. Tulipigiwa honi na kila aliyekuwa na honi.

Jioni nikaamua. Nikakaa mbele ya Bosi, nikamwandikia anwani yenye moja mwishoni. Bosi akakubali bila kubisha. Nikajaribu kuita: namba moja, upo? Akaitika papo hapo! Kila nikiita, anaitika, haraka ajabu. Jino hawezi kuitika kwa kasi hiyo. Nilicheza kidogo kuzunguka meza ya pasi.

Baadaye ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa kwenye Bosi, namwita Bosi. Haidhuru. Ameitika.

Punde nikasikia mzee huko chini akisema haloo, haloo, haloo. Alikuwa anaongea kwa video na binti yake wa mwisho aliye ng'ambo, simu ikakatika. Shemeji akapiga kelele kwamba intaneti imekufa. Mke wangu naye, somo lake la ushonaji limegandia kwenye kifungo. Nikatoka kwenye ngazi na kumkuta Daktari anajikuna kichwa mbele ya swichi, kile kisanduku kinachogawa nyaya za mtandao. Anajifanya hajui. Ameona nimeshika namba moja, sasa ananihujumu.

Alhamisi, 12 Juni

Fundi wa kampuni ya mtandao alikuja asubuhi. Nilikuwa kazini, Bosi nimemzima. Fundi akakuta kila kitu kinakwenda safi, akanywa maji, akaondoka. Siku nzima, mke wangu anasema, intaneti ilikuwa inakimbia.

Nikarudi jioni. Nikamwasha Bosi. Intaneti ikafa.

Hiyo si bahati mbaya, hiyo ni njama. Mtu anasubiri nirudi ndipo aharibu. Nikashuka kwa mzee, nikamwambia kwa masikitiko makubwa kwamba sipendi kumsema mwenzangu, ila mtandao wa nyumba unaharibiwa na lile Jino. Ushahidi: unakufa kila jioni Daktari akiwa nyumbani. Kwamba hata mimi jioni huwa nyumbani, sikuona haja ya kulitaja.

Mzee akakasirika kweli. Binti yake wa ng'ambo alimpigia tena na simu haikuingia. Akamwita Daktari, akamwamuru azime dude lake, na lisiwashwe tena mpaka atakaposema yeye. Hakumwita mwanangu. Nilisubiri kwenye ngazi nisikie, na hakumwita. Daktari akasema sawa baba, akapanda kwake kichwa chini.

Nimekula vizuri leo. Nimeomba kuongezewa.

Ijumaa, 13 Juni

Jino limezimwa na intaneti bado imekufa. Jambo gumu kulieleza mbele ya watu, kwa hiyo sikulieleza.

Lakini habari kubwa: nimefika! Nilishuka stoo nikaiwasha mashine ya mzee, nikapanda, nikaita namba saba. Ikaitika. Ikataka jina na neno la siri. Nikamwuliza mzee. Akasema ni jina la marehemu mke wake. Nikaliandika, mlango ukafunguka. Michoro imejaa tele. Mafaili kwa mamia, na madaraja yote yana majina.

Hakuna hata moja linalofunguka. Nikilifungua linamwaga herufi kama mtu anayepiga chafya. Na huko stoo diski imeanza kulia. Mwanzo kama mbu, sasa kama breki za gari la mwanafunzi. Mzee akasimama mlangoni mwa stoo, mkono kifuani, anaisikiliza. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama itakufa. Sijawahi kuogopa namna hiyo. Ikifia mikononi mwangu, nitakuwa Bwana Udereva mpaka nizikwe.

Nilikuwa bado natafakari namna ya kuomba msaada bila kuomba, mke wangu akashuka mwenyewe kumwita Daktari. Hata hakunitaka ushauri.

Daktari akaja na kompyuta yake ndogo. Akatazama skrini ya Bosi. Akaisoma anwani. Akaisoma tena. Akaweka kiganja mdomoni. Halafu akanieleza polepole, kama anavyowaeleza watu kuhusu kung'oa. Namba moja ni ya ruta, lile boksi la sebuleni kwa mzee. Ndilo mlango wa nyumba. Kila simu na kila kompyuta inayotaka kutoka nje huuliza namba moja yuko wapi. Na kila nikimwasha Bosi, Bosi husema ni mimi. Basi nyumba nzima ikawa inamjia Bosi kuomba njia, na Bosi hajui pa kuipeleka.

Nikamwuliza kwa hiyo kweli walikuwa wanakuja kwa Bosi kwanza. Akasema ndiyo, lakini hilo si jambo la kujivunia.

Akaandika nne. Huko chini simu ya mzee ikaanza kulia, binti yuko hewani. Daktari hakupoteza muda. Akavuta michoro yote kupitia waya mpaka kwenye kompyuta yake, faili la mwisho likaingia, na diski ikaendelea kulia lakini haikufa. Alipokuwa anatoka nikamsubiri aseme lolote kuhusu Jino na yale niliyomsingizia. Akasema tu usiku mwema, kaka mkubwa.

Jumamosi, 14 Juni

Amechoma roho yangu mtu huyu.

Ameipata programu ya kuifungua michoro, akaipeleka kwenye televisheni ya mzee. Daraja baada ya daraja, mistari myeupe kwenye weusi. Mzee alisogeza kiti mpaka goti likagusa meza. Akawa anawataja mafundi wake mmoja mmoja, nani aliogopa urefu, nani alikuwa akiimba. Kwenye daraja moja dogo akaigusa skrini kwa kidole. Akasema hilo alilichora wiki aliyooa. Akavua miwani, akalia bila kujificha.

Alipouliza ni nani wa kushukuru, Daktari akasema wa kwanza kuingia kwenye mashine nilikuwa mimi. Ni kweli, Jino lilikuwa limezimwa. Kuhusu namba moja hakusema hata nusu neno. Mzee akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema, ahsante, mwanangu.

Nilitoka nikakaa kwenye ngazi. Nimelia na mimi. Miaka yote hii, na neno lenyewe ni fupi hivyo.

Kisha nikawaza. Amenipa yeye au amenipa Daktari? Kama Daktari asingesema, ningeitwa? Kwa hiyo hata hili limepitia kwake. Furaha ikaniingia nusu.

Mashine ya mzee ni yangu. Haina skrini, na Daktari anayo ya akiba, ile nzito ya kioo yenye mgongo mrefu. Akasema nichukue, zawadi. Akaibeba mwenyewe mpaka juu. Mimi nilimshikia mlango. Alipoinama kuiweka sakafuni, akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima, akabaki ameinama hivyohivyo. Tulimteremsha ngazi akiwa bado na umbo la kiti.

Jumapili, 15 Juni

Chakula cha mchana kimehamia ghorofa ya kati, kuzunguka kitanda cha Daktari. Mgongo. Haruhusiwi kuinuka. Mzee alimpelekea sahani kwa mkono wake. Akammenyea machungwa. Akampangia mito, akaipanga upya. Shemeji anampepea. Binti wa ng'ambo kwenye video anampa pole. Mke wangu, wangu mimi, amemsugua dawa mabegani. Na mzee akamwita mwanangu mpendwa. Mpendwa! Mimi nimelipata neno kavu, nimekaa nalo siku moja tu, tayari mwenzangu ameongezewa.

Nilitaja mashine mara tatu. Nikasema ile skrini inawaka vizuri. Wakasema mwacheni Daktari apumzike.

Nimepanda kwangu, nikafunga mlango. Nimeiinua skrini kama alivyoiinua yeye, magoti yamenyooka, kwa pupa. Hakuna kitu. Nikamwinua Bosi. Nikaiinua mashine ya mzee. Nikarudia zote kwa zamu, nikijipinda kiuno kila nikishusha. Kitu kikalia kwaa! Ni meza ya pasi.

Mke wangu ameingia akanikuta nimelikumbatia jokofu. Akauliza nafanya nini. Nikasema mazoezi. Akaniangalia kwa muda, akarudi kwa mgonjwa.

Mgongo wangu ni mzima kabisa, hauna hata kichomi. Sina bahati mimi.