Kijitu cha Langoni

Jumatatu, 9 Machi

Habari mbaya kabla ya kahawa. Jumapili mkutano wa kijiji utaamua nani akae kwenye kiti cha langoni. Kiti changu! Miaka kumi na moja nimekikalia, kivulini, chini ya magofu ya mababu. Anayekaa pale ndiye anayewaelekeza watalii. Akiwapeleka kulia, wanaingia ufukwe wetu. Akiwapeleka kushoto, wanaingia ufukwe wa Wilfrido Uc. Bila kile kiti mimi, Anastacio Poot, ni mzee wa kutumwa sokoni na mkewe.

Wilfrido ndiye anayekitaka. Anatangaza kwamba nalala kazini. Uongo. Nafumba macho ili nisikie vizuri. Ni baba wa ubatizo wa binti yangu, kwa hiyo siwezi kumtukana hadharani. Namtukana humu. Pweza!

Kweli watalii hawakai. Ngazi tatu, picha moja, mbio baharini. Lakini leo mama mmoja mwenye pua iliyoungua jua aliuliza kama kuna kitu kinaishi kule juu. Nikasema kipo. Basi, sikuongeza neno. Kundi lake lote lilibaki mpaka adhuhuri, linachungulia kila tundu.

Wazo!

Jumanne, 10 Machi

Nimefinyanga alushi, mzuka mdogo wa shambani. Kijitu cha kimo cha goti, kofia pana, macho mawili ya kokwa. Mababu walikuwa wanafinyanga wa kweli, wa kulinda mahindi. Wangu ni wa kutisha watalii tu.

Udongo nimechimba kwenye kisima cha pangoni. Kulikuwa na kigae cha chungu cha kale ndani yake, kikanikata kidole. Damu ikaingia pale pale kifuani pa kijitu. Nikaendelea kukanda. Udongo ni udongo.

Eduviges, mke wangu, aliona. Akaniuliza kama akili nimeiacha pangoni. Marehemu baba yake alimfinyanga mmoja, akamtia tone la damu kwa makusudi, akamlisha siku tisa mfululizo, na baada ya hapo hakuna mwizi aliyetoka shambani na vidole vyake vyote. Akasema mlishe sawasawa au mvunje sasa hivi. Nikamwambia ni mwanasesere. Akafanya ishara ya msalaba, akarudi jikoni.

Jumatano, 11 Machi

Nimemjengea kijumba cha mawe karibu na kiti, uso wake kwenye ngazi. Mbele yake kibuyu cha uji baridi wa mahindi, kama desturi. Mahindi ya kuchemsha upya sina muda nayo, nikachota donge la tortila, zile chapati zetu za mahindi, jikoni, nikalikoroga kwenye maji. Mpango ulikuwa niunywe mwenyewe watalii wakigeuka, halafu nipige kelele: jamani, amekunywa!

Wilfrido alipita asubuhi, akiwa njiani kwenda mjini. Akasimama, akamtazama kijitu, akanitazama mimi. Akasema, "Hongera, Tacho. Mtoto wa uzeeni. Pua ya baba kabisa." Watalii wakacheka bila kuelewa. Pweza!

Adhuhuri nikaenda kunywa uji. Kibuyu kimefunikwa chini juu. Uji umemwagika, na siafu wanauzunguka kwa mbali. Wanauzunguka, hawaugusi.

Wilfrido huyo. Amerudi kwa siri.

Alhamisi, 12 Machi

Mtego! Nimebeba ndoo mbili za mchanga mweupe kutoka ufukweni, nikautandaza kuzunguka kijumba, nikaufagia ukawa laini kama shuka. Uji mpya, donge lile lile. Nikajilaza nyuma ya ukuta, jua la utosini.

Nyenze wakanyamaza wote kwa pamoja. Mijusi wakubwa wanaoota jua kwenye ngazi wakaondoka, mmoja mmoja, kama watu wanaotoka kanisani. Nikasikia mluzi nyuma ya sikio langu. Karibu hivi kwamba pumzi yake niliisikia, baridi, ina harufu ya pangoni. Nikageuka. Hakuna mtu.

Nilipogeuka tena, kibuyu chini juu.

Mchangani kuna nyayo. Kila moja urefu wa kidole changu gumba, vidole vitano vinahesabika. Zinatoka kwenye kijumba. Hakuna zinazoingia.

Nimefikiri sana nikaelewa: Wilfrido amechonga unyayo wa mti. Ana akili, shetani yule.

Ijumaa, 13 Machi

Mabasi mawili! Habari zimeenea. Leo vijiwe vimerushwa kutoka juu ya magofu, vidogo kama maharagwe. Kimoja kwenye kofia yangu, kimoja kwenye kofia ya mzee wa Kijerumani, kimoja kwenye kofia yangu tena. Watalii wakapiga makofi. Nikainama kama mwenye sarakasi yake. Kikaja kingine, kwenye kofia yangu.

Jioni nikaenda kwa Wilfrido kumwambia hila zake zinanisaidia mimi. Nikamkuta amelala, shavu kama nazi. Mkewe akasema wamerudi sasa hivi tu, wamekuwa mjini tangu juzi, jino limemtesa mpaka likang'olewa vipande vipande. Akanionyesha vipande.

Nikarudi nyumbani nikiangalia nyuma kila hatua tatu.

Nilimweleza Eduviges yote. Akachovya kidole kwenye kibuyu, akaonja, akatema. Donge la tortila! Lenye chokaa! Akasema hata mtoto wa kunyonya anajua wale hawapewi mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa, hicho ni chakula cha watu. Siku tatu nimekuwa nikimtukana mgeni kwa chakula kisicho chake. Nikamkumbusha kwamba ni mwanasesere. Alikuwa anatazama kidole changu.

Jumamosi, 14 Machi

Uji safi, bila chokaa, na asali ya nyuki wadogo. Nikauweka alfajiri, nikahesabu hatua kumi, nikageuka. Kibuyu kikavu. Kimelambwa.

Na kijitu hakitazami ngazi tena. Kinatazama kiti changu.

Nikamgeuza. Nikaenda kukojoa. Kurudi, anatazama kiti. Nikamgeuza nikamwekea jiwe mgongoni. Nikafunga kamba ya kiatu. Anatazama kiti, na jiwe liko kwenye kiti.

Nikalichukua jiwe hilo hilo nimvunje. Nilipoliinua, kidole kikaanza kuvuja. Kidonda kilichofunga tangu Alhamisi! Na pale kifuani pake, udongo ulikuwa umelowa, unapanda na kushuka, polepole, kama tumbo la mbwa aliyelala.

Nikaweka jiwe chini. Nikamwomba radhi. Hakujibu, namshukuru Mungu kwa hilo.

Jumapili, 15 Machi

Mkutano ulifanyika langoni. Watu sitini, kiti katikati. Wilfrido na shavu lake akasimama, akahutubia kwa upande mmoja wa mdomo. Akasema mlinzi gani huyu, magofu yanaweza kuibwa na kurudishwa bila yeye kufungua jicho. Walicheka sana. Hata Eduviges. Mikono ikaanza kuinuka upande wake, nikaiona, mingi.

Mwenyekiti akamwambia basi akae, tumwone anavyofanana. Wilfrido akakaa.

Akaruka kama aliyekalia makaa. Uso majivu. Akasema kuna mtu. Mwenyekiti akauliza mtu gani, kiti si hicho kitupu? Wilfrido akasema, kwa sauti ya mtoto, "Nimemkalia. Amenisukuma."

Hakuna aliyecheka. Nyenze walinyamaza. Na kijumba cha mawe, nikaona mimi wa kwanza, kilikuwa kitupu.

Kura ilipigwa upesi kuliko zote za kijiji hiki. Mikono sitini, na wa Wilfrido wa sitini na moja. Mimi ni mlinzi wa lango mpaka nife, na uji nitaleta mimi kila alfajiri. Nimeshinda!

Ila kwenye kiti nisikae. Kina mwenyewe.

Jumatatu, 16 Machi

Nimesimama kutwa. Miguu imevimba kama mihogo. Watalii wanakipiga picha kiti kitupu, wananiomba nisogee pembeni.

Saa saba mchana kilianza kukoroma. Nazijua sauti hizo, kwa miaka arobaini Eduviges ameniigizia kila asubuhi. Kinakoroma kama mimi hasa, hata ule mluzi wa mwisho.

Lakini sikulala tu miaka kumi na moja pale, nilikuwa nafikiri. Mwanamume halali kwenye kiti ikiwa nyumbani ana mtu wa kumwita ndani. Anachokosa ni mke! Kesho namfinyanga, mnene, mwenye sauti. Atamburuta kijumbani, nami nitakaa.

Udongo umeshalowekwa. Kwa uji wa bibi harusi kuna donge la tortila limebaki jikoni, nitalisuuza suuza, chokaa itatoka.

Na kwa damu, vidole vizima bado ninavyo tisa.