Mizani Imenianika Mbele ya Mama Mkwe

Jamani, leo nimeaibika mpaka natamani kuhamia mji ambao hakuna anayenijua.

Mnaujua ule mradi wa serikali wa kulipa watu wapunguze uzito? Unapimwa, unapewa miezi mitatu, ukirudi umepungua kilo nane unatumiwa pesa kwa simu. Mimi nilijiandikisha siku ya kwanza. Presha yangu iko juu na daktari alishanionya, lakini niseme ukweli: nilikuwa nawaza tangi la maji. Mke wangu, Mama Wakesho, amebeba mitungi tangu tuhamie hapa Voi. Nikamwambia, "Tangi lako litatoka kwa hili tumbo." Akacheka, akaniamini. (Hilo la kuniamini ndilo linaniuma sasa.)

Mimi nauza katika duka la vifaa vya ujenzi. Siku ya kupimwa mara ya kwanza nilichota misumari kilo nane, nikaipima mwenyewe, nikaigawa kwa mifuko ya suruali na ya jaketi nzito. Voi. Saa sita mchana. Jaketi! Sista, yule muuguzi wa kupima, aliponishangaa nikamwambia nina homa. Akanihurumia, akanipa dawa. Mizani ikasema kilo mia moja na kumi na mbili. Nikatoka pale natembea polepole kama bibi harusi, maana kulikuwa na msumari unanidunga paja.

Hesabu ilikuwa rahisi. Siku ya kurudi natoa misumari, na kilo nane zimeenda. Nikaona nimemaliza kazi kabla ya kuianza.

Basi nikala. Mke ananipikia mchicha, naula mbele yake nikisifu, halafu naenda kazini kula chakula chenyewe. Chapati. Nyama ya mbuzi. Suruali zikaanza kubana, nikalaumu sabuni.

Leo asubuhi tukaitwa ukumbi wa kanisa kupimwa mara ya mwisho. Nikafika mifuko mitupu, moyo mweupe. Sijanywa hata chai. Kumbe Mama Wakesho amekuja kushuhudia, na mama yake amekuja kutoka Marungu. Mama mkwe naye alikuwa kwa mradi! Sikujua. Amesimama kwenye foleni nyuma yangu na leso yake, amekonda, anaangalia chini kwa heshima kama kawaida yetu.

Afisa wa afya akashika kipaza sauti. "Serikali imefanya yake," akasema. "Sasa tuone nani amewajibika na mwili wake. Tuanze na mzee wetu aliyekuwa mzito kuliko wote!"

Yaani mimi. Watu wakapiga makofi. Nikavua viatu. Nikavua saa. Nilipoinama kuvua soksi, kifungo cha suruali kikaruka kikagonga meza ya Sista. (Hapo ningeenda nyumbani. Mtu mwenye akili angeenda nyumbani.)

Nikapanda mizani nikiwa nimeshika suruali kwa mkono.

Sista akaangalia. Akaniangalia. Akaangalia tena.

"Baba Wakesho, ni mia moja na kumi na tano."

"Mia moja na ngapi?"

"Na kumi na tano. Umeongeza kilo tatu."

Nikamwambia mizani yao imeharibika. Afisa hakubishana. Akatuma mtu dukani aje na pakiti ya unga ya kilo mbili. Wakaiweka juu ya mizani, ukumbi mzima umenyoosha shingo. Ikasoma mbili kamili. Sijawahi kuchukia unga namna hiyo.

Afisa akaniwekea kipaza sauti mdomoni. "Mzee, hebu tuambie, shida ilikuwa wapi?"

Ndugu zangu, hapo akili ilinitoka. Nikapaza sauti, "Haiwezekani! Siku ile nilikuwa na kilo nane za misumari mfukoni!"

Kipaza sauti kilikuwa kinafanya kazi vizuri sana.

Mzee mmoja nyuma akauliza, "Misumari ya inchi ngapi?" Ukumbi ukalipuka. Kuna watu walilala juu ya viti kwa kucheka. Afisa mwenyewe aligeukia ukutani, mabega yanatingishika.

Sista pekee hakucheka. Alikuwa anapiga hesabu kwenye kadi yangu. "Basi siku ile ulikuwa na mia moja na nne," akasema. "Hujaongeza tatu. Umeongeza kumi na moja."

Akanifunga mkanda wa kupima presha. Akatazama, akapima mara ya pili. Kisha akaniinamia na kusema polepole, "Baba, achana na hizo pesa. Hii presha itakuangusha. Wakesho yuko darasa la ngapi?"

"La tano," nikajibu.

Akapanda mama mkwe. Amepungua kilo tisa! Anasema ni kuacha sukari na kufuata mbuzi wake kwa miguu. Simu yake ikalia pale pale, ujumbe wa pesa. Watu wakampigia vigelegele. Nilitaka kumpongeza lakini nilikuwa bado nimeshika suruali.

Nje, Mama Wakesho alinipita bila neno. Heri angenitukana. Alikuwa anafuta macho, na sikujua kama ni kwa kicheko au kwa ile presha yangu, na sikuthubutu kuuliza. Mama yake akasimama mbali kidogo, uso kando, akasema, "Tangi nitanunua mimi. Wewe kunywa dawa, mwanangu. Sitaki binti yangu avae nguo nyeusi mapema."

Hakuna aliyewahi kuniaibisha kwa upole kiasi hicho. Nilikaa kwenye ngazi za ukumbi mpaka wakafunga milango.

Sasa niko nyumbani na bakuli la mchicha, peke yangu mezani. Ninachojua leo ni hiki: serikali iko tayari kunilipa nikipungua, lakini nimeuliza, hawana mtu wa kupungua kwa niaba yangu.