Fimbo Isiyopotosha Mpira

Jumatatu, 3 Juni

Daftari mpendwa, salamu nyingi. Hujambo? Sisi huku hatujambo. Baba Watoto hajambo, ametoka na sanduku lake la spana kwenda kuzibua sinki la watu. Mama mkwe hajambo ila goti. Kifungua mimba wangu hajambo, yuko bekari, anaoka, ananenepa. Kitinda mimba hajambo, bado amelala, mdomo wazi kama alipokuwa mchanga. Paka hajambo. Cherehani haijambo ila sindano. Dada yangu ndiye aliyenipa wewe. Alisema nikuandikie wasiwasi wangu ili nisimpigie yeye simu kila asubuhi. Mimi najua kuandika barua tu, kwa hiyo utanivumilia.

Habari kubwa! Kitinda wangu, binti mkimya hata akipiga chafya anaomba radhi, amefika nusu fainali ya pool! Ile meza ya kijani yenye mashimo, ukumbini kwa Mnene, karibu na kinyozi. Jumamosi anacheza. Na nani? Na binti wa Mama Tunacho! Jirani yetu, ukuta kwa ukuta. Jina hilo nimempa mimi. Umwambie umenunua mlango mpya, atasema wanao. Umwambie una mafua, nayo wanayo, tena makali kuliko yako.

Mshindi anakwenda fainali, mji mwingine, na begi lake. Kitinda hajawahi kuniomba kitu tangu ajue kusema. Jana aliniambia, Mama, hii naitaka. Nikaenda kulilia bafuni.

Ila hana fimbo yake! Anachezea ya ukumbi, imepinda, wenyewe wanaiita Ndizi. Nusu fainali, na Ndizi! Haiwezekani. Nina mpango.

Jumanne, 4 Juni

Nimempima. Mimi mshonaji, sinunui kitu bila kipimo. Nimemwambia namshonea gauni. Akaniuliza gauni gani linalopimwa kuanzia kidevuni mpaka kwenye ncha ya kidole akiwa ameinama juu ya meza ya chakula. Nikamwambia la kisasa. Akainama tena nimalizie, mtoto wa watu. Hapendi magauni. Sasa itabidi nimshonee kweli.

Nikaenda duka la michezo na futi yangu shingoni. Muuzaji ni kijana mpole mwenye kikohozi. Akadhani nanunua kitu changu mwenyewe. Sikumsahihisha. Akaniuliza napiga vipi, nikajibu kwa nguvu. Nikachagua kama ninavyochagua tikiti: nanusa, nagonga, nasikiliza. Akaniambia taratibu kwamba fimbo hazigongwi.

Halafu akanifundisha jambo! Kumbe fimbo ni vipande viwili, mpini na kipande cha mbele. Ukipiga mpira mweupe ubavuni ili uzunguke, kipande cha kawaida kinausukuma kando, hauendi ulikolenga. Lakini kuna cha gharama, chepesi nchani, ambacho hakiupotoshi. Ukilenga huku, unakwenda huku! Nikasema hicho hicho. Akataja bei. Nikatafuta pa kukaa.

Tumeelewana. Nitamshonea mifuko ya fimbo zote za dukani, yenye zipu na bitana, naye amenitangulizia kipande cha mbele. Cha mbele tu. Akanionya nisinunue mpini kabla ya kuvilinganisha, maana meno ya skrubu hutofautiana. Nikamwambia baba, mume wangu ni fundi bomba. Kwetu hakuna kisichounganika.

Kabla sijatoka akaniachia nijaribu kwenye meza yake. Nikafumba macho. Ukaingia! Mpira mwekundu, ukaingia! Nikapiga kigelegele peke yangu humo dukani. Mteja aliyekuwa akijaribu viatu akatoka na kimoja.

Jumatano, 5 Juni

Nashona mifuko. Nimekula nimesimama. Mama mkwe akauliza hivi virefu ni vya nani, nikamwambia ni suruali za watu wembamba. Akasema Mungu awasaidie.

Mpini nimeupata kwa muuza mitumba, katikati ya miavuli. Mweusi, una ua la dhahabu. Skrubu yake nene, tundu la kipande changu jembamba. Baba Watoto akaitazama kama daktari. Akapiga tupa, akazungushia utepe mweupe, ule wa kuzibia mabomba, akakaza. Akasema hata maji hayapiti. Nikambusu mbele ya mama yake.

Alhamisi, 6 Juni

Nimekosea kidogo. Au sijakosea. Sijui.

Nilikuwa naanika, Mama Tunacho akatokeza kichwa juu ya ukuta. Akanipa pole mapema, eti kwa ajili ya Jumamosi, maana binti yake yuko moto. Daftari, mimi nilikuwa nimeapa nitanyamaza. Mdomo ukafunguka wenyewe. Nikamwambia shosti, Kitinda ana fimbo mpya, mbele yake ni kile kipande kisichopotosha mpira, wanachochezea mabingwa. Akapepesa macho. Akasema tunacho. Nikamwambia hongereni.

Hawana! Baada ya muda mfupi nimemwona akitoka amefunga kilemba upande, na viatu havifanani. Karudi na kifurushi kirefu amekikumbatia kama mgonjwa. Nimecheka mpaka nguo zikaanguka topeni, nikafua upya. Kisha nikaacha kucheka. Nimempa adui silaha!

Ijumaa, 7 Juni

Nimempa. Kitinda alifungua zipu ya mfuko polepole, akagusa lile ua la dhahabu, akasema Mama. Basi, hilo tu. Machozi yangu yote nje. Gauni pia nimempa. Hilo amelikunja vizuri sana.

Tukaenda kwa Mnene kuijaribu. Nikakaa kwenye kreti la soda nikiwa na matumaini yangu yote.

Amekosa. Akakosa tena. Kila mpira unapita pembeni ya shimo kama mtu asiyetaka kusalimia. Nikamuuliza fimbo mbovu? Akasema hapana Mama, nzuri mno. Akanieleza kwa upole, kama anamweleza mgonjwa: Ndizi hupotosha mpira, na yeye anajua inaupotosha kiasi gani, kwa hiyo miaka yote analenga pembeni makusudi. Hii inakwenda anakolenga. Na anakolenga siko.

Mnene akasema kuizoea huchukua miezi. Akasema hayo huku akifuta glasi! Bila hata kuniandaa!

Nikamwomba Kitinda achezee Ndizi. Akakataa. Akasema nimeona macho yako yalivyovimba, Mama, nitachezea yako. Jeuri ya upole hiyo, kairithi kwa baba yake. Nimemharibia fainali kwa mkono wangu, tena kwa mshono wa mara mbili. Sijalia hivi tangu aote jino.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika mbio, soma hivyo hivyo!

Ukumbi ulijaa. Sisi upande huu: mimi, Baba Watoto, mama mkwe na goti lake kwenye kiti cha plastiki, kifungua mimba na unga masikioni. Upande ule Mama Tunacho, amevaa kama anaolewa yeye.

Kitinda akainama kwa pigo la kufungulia. Akavuta mkono. Akapiga. Pwa! Kipande cha mbele kikachomoka na utepe wake, kikaruka juu ya meza, kikaenda kutua mapajani kwa mama mkwe. Kitinda kabaki na mpini kama mtu anayesonga ugali. Watu wakaanguka kwa kicheko. Mama mkwe akakiinua, akakitazama, akatangaza kwa sauti kwamba kumbe ndiyo ile suruali.

Baba Watoto akasema kwa bomba ingeshika.

Mnene akakagua, akasema kifaa kimeharibika, mchezaji achukue kingine, pigo lirudiwe. Kingine ni kipi? Ndizi! Kitinda akaishika, mabega yakashuka. Nilimwona. Alikuwa kama mtu aliyevua viatu vya kubana.

Sasa sikiliza. Binti wa Mama Tunacho akatoa fimbo yake, mbele yake kipande kipya kinang'aa, kama changu, ila chake kimeunganishwa dukani. Akalenga. Ukapita pembeni. Akalenga tena. Ukapita. Ni mimi peke yangu niliyejua kwa nini! Alikuwa analenga kwa mazoea ya fimbo ya zamani! Mama Tunacho akamfokea apige vizuri. Msichana akamjibu mbele ya watu, si wewe uliyenilazimisha kuibadilisha juzi, mama? Nilimhurumia. Nusu ya moyo. Nusu nyingine ilikuwa inacheza ngoma.

Kitinda kashinda! Mpira mweusi ulizunguka ukingoni mwa shimo, ukafikiri, ukaingia. Nilipiga kigelegele kinyozi akatoka na mkasi. Nikamkumbatia Kitinda, Mnene, na kwa bahati mbaya Mama Tunacho. Akaninong'oneza kwamba vile vipande havifai kitu, wao wanacho, wanajua.

Njiani Kitinda akanishika mkono, akaniambia nimwahidi jambo moja, mpaka fainali nisimnunulie kitu. Chochote. Nikaahidi, na paka akiwa shahidi mlangoni.

Jumapili, 9 Juni

Nimetimiza ahadi. Sijanunua.

Ila nililala nikiwaza. Fainali ni ukumbi wa wageni, na Ndizi si yetu! Mtoto atachezea nini? Moyo ulinienda mbio mpaka Baba Watoto akaamka. Asubuhi nikaenda kwa Mnene. Nikamwambia nitamshonea shuka jipya la kufunikia meza, anipe Ndizi. Akanipa na chaki juu. Hiyo si kununua, ni kubadilishana.

Kitinda hajui, kaenda kwa rafiki yake. Nataka akirudi aikute imependeza. Kwa hiyo Baba Watoto ameibana kwenye jiriwa, anainyoosha. Imeshanyooka nusu! Hutaamini ni ile ile. Akimaliza ataikata katikati, tuifungie kile kipande chetu kizuri cha mbele, safari hii kwa gundi. Atafurahi mpaka alie, mtoto wangu.

Swali moja tu, daftari mpendwa. Niipake vanishi nyekundu au niiache rangi yake? Nijibu upesi, Baba Watoto ameshashika msumeno.