Koti Jekundu na Korongo wa Kinamasi

Jumatatu, 18 Machi. Kushiro.
Theluji inayeyuka. Korongo wawili wanakusanya matete kinamasini, pale pale tunapotaka kusimamisha nguzo ya umeme. Msimamizi wetu, Bwana Kumagai, ametangaza kikaoni: wakitaga, kazi itasimama hadi vifaranga waruke. Mkataba wangu wa afisa mazingira unakwisha na mwezi huu. Kazi ikisimama, nani atauongeza?
Mwenzangu Tsukiyama, ambaye vitabu havijapata kumsumbua, akaanza kueleza namna ya kuipitisha laini ya umeme kwingine. Sikumsikiliza, nilikuwa natunga hoja za kumpinga. Nikasimama nikasema: tusihamishe laini, tuwahamishe korongo. Tsukiyama akauliza kama nitawaandikia barua. Wakacheka wote. Wenye upeo huanza kwa kuchekwa.

Alhamisi, 21 Machi.
Bi Onodera, mkulima jirani, huwamwagia korongo mahindi kila majira ya baridi, daima akiwa na koti jekundu. Wakiliona tu, huja. Nami nimenunua jekundu. La kike, la kiume halikuwepo. Nikaenda na ndoo, nikidondosha mahindi, kutoka kinamasini hadi bonde la matete karibu na barabara. Korongo wale wawili wakanifuata kwa adabu ambayo sijaiona kambini. Ushindi.

Jumatatu, 25 Machi.
Habari za mahindi zimeenea. Leo kundi zima limenisubiri nje ya choo cha kambi. Mmoja akamdonoa Bwana Kumagai makalioni. Kisha akaja Bi Onodera, mikono kiunoni: "Wee kijana, ndiye unayeniibia wageni wangu? Na hilo koti, hata halikukai." Nikamfafanulia kwamba mnyamapori hana mwenyeji. Akauliza mbona basi wamepanga foleni mlangoni kwangu kama wanaodai mahari. Swali lisilo la kisomi. Nimemwaga gunia zima bondeni ili wabaki huko.

Ijumaa, 29 Machi.
Yai. Bondeni.
Bwana Kumagai akatandaza ramani. Laini mpya, ile ya Tsukiyama, inakatiza bonde lile lile. Ilipitishwa katika kikao kile, na njia ya zamani tumekwisha kuirudisha kwa wahifadhi. "Ulikuwepo," akasema taratibu. Nilikuwepo. Kazi imesimama. Kampuni, kwa haya zake chache, imebandika bango barabarani: "Tumewapisha korongo kwa mapenzi."
Mkataba wangu umeongezwa hadi vifaranga waruke. Nilinde kiota, bila ndoo, bila koti, na, Bwana Kumagai alisisitiza, bila hoja. Tsukiyama akanipa mkono: "Hongera, baba kijacho."
Nimetafakari kwa utulivu. Korongo walitii kila hatua; nadharia haina doa. Kosa lilikuwa la bonde. Ng'ambo ya mto kuna jingine, pana zaidi, na dukani koti kama lile lipo pia la rangi ya machungwa.