Wiki ya Mwisho ya Pampu ya Dizeli

Jumatatu, 3 Machi
Nimechoka, na wiki ndiyo kwanza inaanza. Meneja ametuita ofisini. Kituo chetu cha mafuta kinageukia nishati safi, kwa hiyo Ijumaa pampu moja itang'olewa kupisha mashine zaidi za kuchajia magari ya umeme. Itakayouza kidogo ndiyo itakayokwenda. Akanitazama mimi. Dizeli yangu! Nimeisimamia tangu nina nywele. Mashine ya kuchajia iliyopo anaisimamia shemeji, mdogo wake mke wangu, ambaye analala sebuleni kwangu na kumaliza maji ya moto. Pampu ikiondoka nitakuwa msaidizi wake. Afadhali nife.

Jumanne, 4 Machi
Malori hayaji. Nimepungia mkono kila lori lililopita. Dereva mmoja akanipungia pia, akaenda zake. Mchana akili ikanijia. Umeme ukikatika, magari yanachajiwa kwa jenereta. Na jenereta linakunywa nini? Dizeli! Nimezima swichi kubwa nyuma ya stoo, nikatangaza kwa huzuni kwamba umeme umekatika.

Jumatano, 5 Machi
Tangu asubuhi nabeba madumu kutoka kwenye pampu hadi kwenye jenereta. Mgongo sina tena. Lina kiu hilo jenereta, jamani! Shemeji aliniona nahema, akaja kunipokea dumu, eti pole, ningemwita tu. Wema wake unaniudhi kuliko ujeuri wa watu wengine. Lakini mita ya pampu inapanda. Meneja amepita akasema hajawahi kuona dizeli ikitoka hivi. Leo nimekula nikashiba.

Alhamisi, 6 Machi
Wakubwa wamekuja kutoka makao makuu. Wakauliza dizeli yote hii anainunua nani, mbona hawaoni lori hata moja. Shemeji akajibu kwamba ni ya kuchajia magari, umeme hakuna. Nikadakia kwa sauti: kweli kabisa, na foleni haipungui, magari ya umeme bila dizeli yangu hayaendi popote! Nikawaonyesha na foleni yenyewe. Wakaipiga picha. Meneja akanishukuru kwa mikono miwili. Kumbe dizeli haina wateja, akasema, wateja wote ni wa kuchaji. Nikaenda kukaa stoo peke yangu.

Ijumaa, 7 Machi
Wameing'oa. Niliomba wanipe hata mpira wake, wakakataa. Nimelia kidogo, nikasingizia vumbi. Wameleta mashine mbili mpya, na juu ya paa wamefunga paneli za jua ili tusichome dizeli tena. Mimi ni msaidizi wa shemeji. Mama watoto kafurahi, anasema sasa mimi na mdogo wake tutatoka na kurudi pamoja.

Jumamosi, 8 Machi
Kazi yangu ya kwanza: kupanda paani kufuta paneli. Shemeji alinishikia ngazi, akanisihi nishuke taratibu, dada yake ananihitaji. Nilikaa huko juu nikiwaza. Paneli zikifunikwa na swichi ya stoo ikizimwa tena, jenereta litawaka. Likiwaka, litataka dizeli. Likitaka dizeli, lazima wairudishe pampu! Nimeshachukua blanketi la shemeji, lina upana wa kutosha. Dizeli ya kuanzia nitaibeba kwa madumu kutoka kituo cha jirani, ng'ambo ya mlima. Safari hii nimefikiria mpaka mwisho.